Swahiba, usinunue giaboksi kwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu. Eti umechoka kukanyaga mafuta halafu ungoje gari lijishauri. Nakuelewa sana, maana hayo hayo ndiyo yaliyonilaza mimi chali chini ya gari langu. Umeuliza kama ni kweli kwamba kutoa giaboksi ya otomatiki na kufunga ya gia za mkono ni kazi ya Jumamosi na Jumapili. Giaboksi yenyewe, ndiyo, siku mbili. Hayo mengine yalinila wiki sita.

Nilianza vibaya. Nilipata giaboksi nzuri, nikainunua, nikaipangusa na kuikalisha juu ya mbao nikiitazama kama bibi harusi. Kumbe nilikuwa nimenunua robo tu ya kazi. Ikawa kila siku natoka kuwinda kitu kimoja: leo pedeli, kesho propela shafti, keshokutwa bolti. Ndiyo, hata bolti! Otomatiki ina pleti nyembamba nyuma ya injini, gia za mkono zinataka flaiwili nene (lile gurudumu zito ambalo klachi hukaa juu yake), na bolti za ile mara nyingi ni fupi mno kwa hii. Kwa hiyo, swahiba, usinunue giaboksi. Tafuta gari zima lililo ndugu wa lako, injini ile ile, mwaka ule ule au wa jirani, lililotoka kiwandani na gia za mkono. Likiwa limegongwa au bodi imeoza, poa tu. Lichinje mwenyewe, na usitupe hata kipande cha waya mpaka lako litembee.

Ukishateremsha otomatiki (weka ndoo karibu, ile torki konvata, ngoma inayokaa kati ya injini na otomatiki, imejaa mafuta na itakuogesha), chungulia katikati ya mwisho wa krenki, ile shafti ya injini inayozunguka. Kwenye gari kama langu, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, shafti ya giaboksi ya mkono huegemeza ncha yake kwenye beringi ndogo iliyopachikwa hapo. Otomatiki haina haja nayo, kwa hiyo mara nyingi haimo, na ziko krenki ambazo tundu lenyewe halikuchongwa kwa kipimo chake. Pima kabla hujafunga chochote. Lako linavutwa mbele, kwa hiyo huenda usikutane na beringi hiyo kabisa. Wewe utapambana na ekseli na maunti (vishikizo vya injini na giaboksi), ambazo mara nyingi za otomatiki hazikubali giaboksi ya mkono.

Pleti ya klachi ina uso na kisogo. Ukiigeuza, utakuja kushusha giaboksi upya huku ukijilaani. Iweke katikati kwa kile kirungu chake cha plastiki, kaza bolti za presha pleti (kile kifuniko kinachoibana) kidogo kidogo, moja kisha ile inayotazamana nayo, na wakati wa kupandisha giaboksi usikubali ining'inie kwenye pleti hata kwa dakika moja ukisema unapumzika. Uzito wake unaweza kuipinda, na klachi iliyopinda haitakuachia gia vizuri hata uikanyage mpaka chini.

Pedeli sitaki hata kuzikumbuka. Utalala na kichwa chini ya usukani, miguu juu ya kiti, tochi mdomoni. Ile pedeli pana ya breki inatoka, zinaingia mbili, na masta silinda ya klachi, pampu ndogo inayosukumwa na pedeli, inataka tundu kwenye bati linalotenganisha injini na miguu yako. Nilipofunua kapeti nikakuta duara dogo limegongwa kwenye bati, mahali hasa pa kutoboa. Viwanda vingi havitengenezi bati mbili tofauti, basi huacha alama, au tundu lililozibwa kwa kifuniko. Sikuhitaji kupima kitu.

Sasa umeme, na hapa ndipo nilipoaibika. Nimefunga kila kitu, nimetoa hewa kwenye klachi, nimejaza mafuta, nageuza ufunguo: kimya. Stata haigutuki. Nikabadilisha betri, nikafungua stata, nikaifunga tena. Kosa halikuwa huko. Gari la otomatiki halikubali kuwaka mpaka lever iwe kwenye P (kuegesha) au N (huru), na swichi inayotoa ruhusa hiyo hukaa kwenye giaboksi ya otomatiki. Yangu ilikuwa imelala kwenye kona ya gereji pamoja na ruhusa yake. Nikaunganisha nyaya zile mbili moja kwa moja, injini ikanguruma, nikajiona bingwa. Kesho yake nikasahau gari kwenye gia ya kwanza, nikageuza ufunguo bila kukanyaga klachi, gari likaruka kama mbuzi likaivunja meza yangu ya kazi. Kama kungekuwa na mtu amesimama pale, nisingekuwa nakuandikia kwa utani hivi. Siku hiyo hiyo nikafunga swichi kwenye pedeli ya klachi, injini isiwake mpaka pedeli ifike chini. Wewe anza na hiyo, hiyo njia ya mkato iache.

Taa ya rivasi nayo ilipitia swichi ile ile ya zamani, kwa hiyo vuta waya mpaka kwenye swichi ya giaboksi mpya. Na usishangae ufunguo ukikataa kuchomoka: kwenye magari mengi ya otomatiki unashikwa mpaka lever irudi P, na wewe huna P tena.

Kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, itakuwa bado inatafuta giaboksi yake. Magari mengine huwasha taa ya injini tu, mengine hupunguza nguvu makusudi kujilinda. Dawa nzuri ni kontroli boksi ya lile gari ulilochinja, lakini ichukue pamoja na ufunguo wake na kisoma-ufunguo chake, la sivyo injini itakukatalia kama mwizi. Gari lako si la zamani kama langu, kwa hiyo hili litakusumbua wewe kuliko lilivyonisumbua mimi.

Mabomba ya kupoza mafuta ya otomatiki yaliyokwenda kwenye rejeta, ziba tu. Mafuta ya giaboksi soma kitabu cha gari. Yangu inataka GL-4 (hayo ni madaraja ya mafuta ya gia), na baadhi ya GL-5 hula zile pete za shaba zinazolainisha kuingia kwa gia. Linganisha pia uwiano wa gia za mwisho. Mimi niliacha difu ya otomatiki (gia za mwisho zilizo kwenye ekseli ya nyuma), na sasa kwenye mwendo wa barabara kuu injini yangu inapiga kelele kuliko nilivyotarajia.

Kama nia yako ni gari la gia za mkono basi, uza hilo ununue lingine, utalala mapema. Kama ni hilo hilo unalolipenda, na hulipati kwa gia za mkono, fanya. Mimi singerudi nyuma, ingawa mke wangu ana maoni yake. Ukimaliza, ijulishe bima, na uliza kama usajili unataka kubadilishwa.

Ila kabla hujatoa hata senti, funua kapeti upande wa dereva, vuta ile sponji nyuma yake, piga picha ya bati lililo juu ya pedeli ya breki, unitumie. Kama duara lipo, nakuja na tochi.

Wasalaam,
Swahiba wako wa vidole vyeusi