Uzazi wa mpango: baba si wa kutoa ruhusa tu

Ndugu Mhariri,

Kampeni za uzazi wa mpango siku hizi zinahimiza kuwashirikisha wanaume. Naunga mkono, ila mitaani kwetu hapa Morogoro watu wamelielewa vingine: baba akishaulizwa kama anamruhusu mkewe, basi kashirikishwa. Akikataa, mama anachoma sindano kimyakimya kila baada ya miezi 3, na kadi anaiacha kwa jirani. Vijiti anaviogopa kwa sababu mkono ukipapaswa vinaguswa chini ya ngozi.

Na akiruhusu? Hedhi ikivurugika kidogo, baba huyohuyo anafoka, "Nenda katoe hayo madude!" Kuvurugika huko ni jambo la kawaida kwa sindano na vijiti, na mhudumu hulieleza mapema. Bahati mbaya aliyeelezwa ni mama peke yake. Mwenzake alimshusha getini na bodaboda, akaenda kutafuta abiria.

Simlaumu sana huyo wa bodaboda. Huduma hutolewa asubuhi, siku za kazi, benchi limejaa kina mama na watoto wa kupimwa uzito. Mwanamume akichungulia anaulizwa kamleta nani.

Lakini liko tunalolikwepa sisi wenyewe. Mbali na kondomu, mwanamume anaweza kufunga kizazi. Litaje hilo kijiweni uone watu watakavyocheka: "Unataka tuhasiwe?" Kuhasiwa kunatoka wapi? Mtaalamu anapiga ganzi, anakata na kufunga mirija inayopitisha mbegu, na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Korodani hazitolewi, nguvu za kiume ziko palepale, shahawa zinatoka, ila hazina mbegu. Kwa miezi 3 ya mwanzo lazima atumie kondomu, kisha apimwe kuhakikisha mbegu zimekwisha. Ni njia ya kudumu, kwa hiyo inamfaa aliyetosheka na watoto alionao.

Kumfunga mwanamke ni kazi kubwa zaidi, maana tumbo hupasuliwa. Hata hivyo katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022, waliofunga kizazi ni karibu wote wanawake.

Naomba zahanati zitenge walau Jumamosi jioni kwa wenza wanaofika pamoja, na awepo mhudumu wa kiume wa kuulizwa mambo ya chumbani. Tukija, mama naye apewe nafasi ya kuzungumza na nesi peke yake kwanza.

Baba wa watoto watatu,
Morogoro