Karatasi moja iliyojazwa mara mbili

Mhariri,

Anayedharau kura moja aangalie jimbo la 94 la Baraza la Wawakilishi la Virginia, Marekani, kule Newport News. Mwaka 2017, kura zilipohesabiwa upya, Shelly Simonds wa Democratic alipata 11,608, David Yancey wa Republican 11,607. Ikafikishwa kwa majaji karatasi ya kura yenye viduara vyote viwili vya kuchagua mgombea vimejazwa, cha Simonds kimekatwa kwa mstari. Wakampa Yancey kura hiyo, ikawa sare! Januari 4, 2018 majina yakachanganywa bakulini, likatoka la Yancey, Republican wakabaki na viti 51 kwa 49. Simonds alishinda 2019. Mpiga kura, ukikosea usikatekate: rudisha karatasi, omba nyingine kabla hujaiingiza kwenye mashine ya kuhesabia kura.