Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jezi, Nembo na Mikataba Tunayotia Sahihi

Ndugu wanachama,

Habari za mashindano ya vijana, mafunzo ya marefa na ratiba ya msimu ujao mtazisikia kwa katibu, na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi niliomba kamati iniruhusu niitumie taarifa hii kwa jambo lililotuchukulia muda kuliko mengine yote mwaka huu, nalo ni mikataba ya jezi. Kila klabu ya chama chetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, hulia kwamba haina pesa. Ni kweli. Lakini mali tunayo, na huwa inatutoka mikononi kila tunapotia sahihi karatasi ambayo hatujaisoma kwa kuwa tumeletewa jezi za bure.

Mapema mwaka huu nilifuatana na viongozi wa klabu moja mwanachama hadi ofisini kwa muuzaji wa vifaa vya michezo hapa Kisumu. Alikuwa amezitandaza jezi mezani, nyumbani na ugenini, nembo imechorwa upya na kupendeza, jina la klabu mgongoni. Vijana wetu wawili walishaanza kuzijaribu. Akasema, "Mama, hizi ni seti tatu nzima, hamtoi hata shilingi. Tieni sahihi tu." Nikamuuliza jezi za mashabiki zitauzwa na nani. Akajibu, "Na sisi." Nikauliza tena: mkataba ukiisha, nembo hii mliyoichora upya itabaki ya nani? Akafungua karatasi zake, akasoma, akanyamaza, kisha akasema hilo ni la wakili wao.

Tuliomba tuondoke na rasimu. Ilikuwa ya miaka mitano. Ilimpa muuzaji haki ya peke yake juu ya kila kitu chenye nembo ya klabu: jezi, skafu, kofia, vikombe, hata leso. Mchoro wowote aliouandaa ungekuwa mali yake. Klabu ikitaka kuchapisha fulana za harambee ya kumsaidia mchezaji aliyevunjika mguu, ingelazimika kuomba ruhusa au kununua kwake. Hakuna mtu aliyeyaficha hayo. Yaliandikwa wazi, ukurasa wa tatu.

Baada ya kurudishiana rasimu mara kadhaa, mkataba ulishuka hadi miaka miwili. Haki ya peke yake ikabaki kwenye jezi ya mechi tu, na nembo ikaandikwa kuwa ya klabu, pamoja na kila marekebisho yake. Seti tatu zikawa mbili. Klabu ilikubali kuipoteza seti moja, na naipongeza kwa hilo.

Sasa tuziangalie hesabu, maana wengi mmeniuliza kama ugomvi huu una faida. Tuchukue mfano wa kukisia. Tuseme kushona na kuchapisha jezi moja ni shilingi 700, na shabiki huinunua kwa 1,500. Muuzaji anaipa timu jezi 60 bure, yaani mali ya shilingi 42,000. Kisha anauza jezi 300 kwa mashabiki na kuipa klabu mrabaha, yaani mgawo wake kwa kila jezi inayouzwa, wa asilimia 5 ya bei ya dukani, ambao ni shilingi 22,500. Jumla klabu imepata kitu cha thamani ya 64,500. Kama klabu ingetengeneza na kuuza jezi hizo 300 yenyewe, ingebaki na 240,000 kabla ya gharama za kuuzia. Toa 42,000 za kuwavisha wachezaji, zinabaki 198,000.

Lakini nawasihi msikimbilie hesabu hiyo ya pili. Jezi 300 zinataka mtaji wa shilingi 210,000 kabla hujauza hata moja. Mtaji huo haurudi mpaka uuze jezi 140. Ukiuza 60, umepata 90,000, umepoteza 120,000, na chumba cha klabu kimejaa mabunda ya jezi zenye jina la mdhamini ambaye huenda msimu ujao hayupo. Wapo kati yetu wenye mashabiki 140 wa kununua. Wengi hawapo huko bado, na si aibu.

Kwa vilabu vya aina hiyo kamati inapendekeza oda za mapema. Shabiki anachagua saizi, analipa nusu kwa M-Pesa kupitia till ya klabu, wala si simu ya mtu binafsi, na fundi anaanza kazi idadi ikishajulikana. Faida kwa kila jezi itapungua kidogo kwa sababu oda ni ndogo, lakini hakuna bunda litakalolala. Anayetaka kuendelea na muuzaji naye aendelee, ila aulize swali moja ambalo mwaka huu nimeona likisahauliwa hata na watu wazoefu: asilimia ya nini? Asilimia 5 ya bei ya dukani katika mfano wetu ni shilingi 75 kwa jezi. Asilimia 10 ya "faida baada ya gharama zote" inasikika kubwa zaidi, lakini gharama hizo ataziandika muuzaji mwenyewe. Akisema faida yake ni shilingi 200, mmepata 20. Dai asilimia ya bei ya kuuzia, dai taarifa ya mauzo kila baada ya miezi mitatu, na dai haki ya kukagua vitabu vyake.

Kuna kipengele kingine kimeingia kwenye rasimu mbili tulizoziona mwaka huu, kilichoandikwa kwa maneno laini: mkataba ukiisha, muuzaji wa sasa atakuwa na haki ya kulinganisha ofa yoyote mtakayoletewa na mwingine, yaani kuwapa masharti sawa na ya ofa hiyo, na akifanya hivyo mtabaki naye. Msidhani ni jambo dogo. Mwaka 2018 mahakama ya London iliamua kwamba klabu ya soka ya Rangers ya Scotland ilivunja mkataba wake na kampuni ya Sports Direct, kwa kuwa ilifunga makubaliano ya bidhaa na kampuni nyingine bila kuipa nafasi ya kulinganisha. Mwaka uliofuata, katika mji huo huo, New Balance, iliyokuwa ikiivisha jezi Liverpool, iliishtaki klabu hiyo ikidai imeilinganisha ofa ya Nike. Nike ilikuwa na mrabaha wa asilimia 20, ahadi ya kuuza katika maduka 6,000, na matangazo kupitia watu kama LeBron James na Serena Williams. Jaji alikataa dai la New Balance, kwa sababu ofa yake haikufikia masharti hayo ya matangazo. Liverpool ilikuwa na mawakili wa kusimama kortini. Klabu ya Luanda au Awendo haina wakili wa kwenda hata Kisumu. Mkikikuta kipengele hicho, kifuteni. Muuzaji akikataa kabisa, mruhusuni muda mfupi wa kutoa ofa yake kwanza, kisha muwe huru.

Nasema hivi kwa sababu haki iliyouzwa ni ngumu kurudi. FC St. Pauli ya Hamburg, klabu ambayo nembo yake ya fuvu na mifupa huvaliwa na watu wasiowahi kufika Ujerumani, iliuza sehemu kubwa ya haki za bidhaa zake mwaka 2004 ikiwa taabani kwa madeni. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuzirudisha. Zilipokuwa mikononi mwake ndipo ikaweza kuanzisha chapa yake yenyewe ya jezi, ambayo timu ilianza kuivaa msimu wa 2021/22.

Ndiyo maana nasisitiza usajili wa nembo. Usajili wa klabu kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013 ni mwingine, na wa alama ya biashara ni mwingine. Huu wa pili hufanywa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara. Nembo huombewa kwa madaraja: daraja la 25 ni la mavazi, la 41 linahusu shughuli za michezo. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60. Usajili hudumu miaka 10 na unaweza kuhuishwa. Mwenye uwezo wa daraja moja tu aanze na la 25, kwa sababu ndilo linalogusa jezi. Tena, Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 humhesabu aliyeagiza kazi kuwa mwenye hakimiliki, isipokuwa mkataba umesema vingine. Rasimu ile niliyoitaja ilikuwa imesema vingine. Kama nembo yenu ilichorwa na shabiki au mwalimu wa sanaa kwa mapenzi tu, mwombeni leo aandike barua ya kuikabidhi kwa klabu, angali rafiki yenu.

Kuhusu wadhamini wa kifuani nitasema kidogo. Wote tunakumbuka Agosti 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa ilipositisha udhamini wake nchini katika mzozo wa leseni, na Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini mkuu msimu ukianza. Kwa klabu ndogo, mdhamini akitoka katikati ya msimu maana yake ni seti nzima ya jezi zenye jina lisilolipa. Mkataba useme nani atalipia jezi mpya, na malipo ya mdhamini yaanze kabla jina lake halijachapishwa.

Ubora sasa. Kabla ya kukubali mzigo tuliomba sampuli kwa mafundi watatu, wawili wa Kisumu na mmoja wa Eldoret. Mtunza vifaa wa timu moja alizifua kwa sabuni ya kipande ndani ya beseni, akazianika uani juani, akarudia wiki nzima, kwa sababu hivyo ndivyo jezi zetu zitakavyofuliwa. Ya kwanza, rangi nyekundu ya ukosi iliingia kwenye nyeupe siku ya pili. Ya pili, namba zilizobandikwa kwa pasi ya joto zilianza kupasuka pembeni, na namba 8 ikasomeka kama 3. Ya tatu ilikuwa ya sablimesheni, wino umeingia ndani ya nyuzi zenyewe, na ilibaki kama ilivyokuja. Sablimesheni inataka kitambaa cha poliesta chenye asili nyeupe, kwa hiyo msikubali kuambiwa itafanywa juu ya pamba. Ulizeni uzito wa kitambaa pia: gramu 140 hadi 160 kwa mita ya mraba hufaa kwa joto letu bila kuonyesha mwili. Sampuli iliyokubaliwa itiwe sahihi na pande zote mbili, ikae kwa klabu mpaka mzigo wote ufike.

Na timu za wanawake ziache kuvaa mabaki ya wanaume. Timu ya soka ya Vihiga Queens ilitoka hapa hapa kwetu ikaiwakilisha kanda ya CECAFA, yaani Afrika Mashariki na Kati, katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika ya kwanza kabisa, Misri, mwaka 2021. Mabinti wanaokua wakiitazama timu ile wanastahili jezi iliyokatwa kwa umbo lao. Ukiagiza pamoja na za wanaume, kubadilisha vipimo vya nusu ya oda hakuongezi bei kwa kiasi cha kutisha. Mafundi wote watatu walikubali hilo walipoulizwa. Tatizo ni kwamba kwa kawaida hakuna anayeuliza.

Wanachama wengi walitaka kamati iwafukuze wachuuzi wanaouza jezi bandia nje ya viwanja. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya 2008 ipo, na mwenye alama iliyosajiliwa anaweza kuitumia dhidi ya wanaozitengeneza kwa wingi. Lakini kwa kijana mwenye jezi kumi begani pale uwanja wa Mamboleo au Bukhungu nina maoni tofauti, na kamati imeniunga mkono. Yule anajua kuuza kuliko sisi sote. Mpeni jezi halali kwa mali kauli, na lebo ya klabu ndani ya ukosi, alipe baada ya mechi, apate sehemu yake. Klabu mbili zimejaribu mwaka huu, na zote mbili zimeomba kuendelea.

Mkutano huu unaombwa kupitisha mambo matatu. Kwanza, vilabu vitakavyokubali viagize jezi kwa pamoja kuanzia msimu ujao, kila kimoja kwa rangi na nembo yake, lakini kwa fundi mmoja aliyeshinda zabuni, ili tupate bei ya jumla ambayo klabu moja haiwezi kuipata. Anayeshinda awe anatoa ankara za eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, maana klabu ikija kuulizwa nayo, daftari la fundi halitaisaidia. Pili, chama kitenge fedha za kumlipa wakili mmoja asome kila mkataba wa jezi wa mwanachama kabla haujatiwa sahihi. Tatu, mfuko mdogo wa mkopo usio na riba kwa ajili ya ada za kusajili nembo, urudishwe kutoka kwenye mauzo ya jezi. Mweka hazina ana makadirio ya yote matatu.

Katibu atakaa mezani karibu na mlango mpaka saa kumi jioni. Aliye na mkataba wa jezi ambao bado unaendelea ampe nakala, hata kama anaona umekaa vizuri, ili wakili akiteuliwa aanze na iliyo karibu kumalizika.

Wenu katika michezo,
Mwenyekiti
Kisumu