Faili la slaidi limegoma kufunguka? Soma hapa kabla hujalirudisha kwa basi

Jioni moja mtaalamu wa maabara aliingia ofisini kwetu hapa Mwanza, tunakozisaidia maabara kushirikishana slaidi kwa mtandao, na flashi iliyokuwa imetoka mkoa mwingine kwa basi. "Kaka, faili linaniambia limeharibika, na daktari analisubiri tangu jana." Tukalitazama. Jina lake liliishia na .mrxs, na ukubwa wake haukufika hata megabaiti moja. Hapo tukajua. Slaidi nzima ya patholojia, yaani kinyama chembamba cha mgonjwa kilichowekwa kwenye kioo na kupigwa picha na skana ili daktari atafute ugonjwa, haiwezi kuwa nyepesi kuliko picha ya simu.

Faili halikuwa limeharibika. Kwenye muundo huo, .mrxs ni kama mlango tu. Picha yenyewe inakaa kwenye folda yenye jina lilelile, imegawanywa kwenye mafaili ya .dat, pamoja na faili dogo la Slidedat.ini linaloeleza slaidi imepangwaje. Aliyenakili alibeba mlango, nyumba akaiacha. Ikabidi flashi isafiri tena, siku mbili zikapotea, na mwenye kinyama alikuwa kitandani akingoja kujua kama tiba inaanza au la.

Tangu siku hiyo kila maabara inayotupigia simu tunaiambia jambo moja: slaidi iache palepale iliposkaniwa, tuma linki.

Wengi hawaamini mpaka waone hesabu. Chukua kipande cha nyama cha milimita 15 kwa 15. Skana ikikisoma kwa ukuzaji wa mara 40, kila pikseli inabeba takriban robo ya mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Upande mmoja unapata pikseli 60,000, na picha nzima pikseli bilioni 3.6. Bila kukandamizwa hiyo ni karibu gigabaiti 11. Ikikandamizwa inashuka sana, lakini bado ni mamia ya megabaiti, na mara nyingi inavuka gigabaiti moja. Barua pepe haiibebi. Ndiyo maana watu wanaishia kuweka simu kwenye jicho la hadubini, wanapiga picha tatu na kuzirusha WhatsApp. Tunaelewa kwa nini wanafanya hivyo, ila kuna hatari: daktari wa pili anaona sehemu alizozichagua wa kwanza tu. Kama seli zenye shida ziko pembeni, hatazifikia.

Sasa, linki inasaidiaje wakati faili ni lilelile zito? Simama juu ya kilima cha Bugando. Unaona mabati ya mji na ziwa, lakini mlango wa nyumba moja kule Mabatini huuoni. Mpaka ushuke, na ukishuka unaona mtaa huo tu. Slaidi ya kidijitali imepangwa hivyohivyo. Ndani ya faili kuna nakala kadhaa za picha ileile, kuanzia ndogo ya kuona kwa juu hadi ile kamili, na kila nakala inaweza kukatwa vigae vidogo, kwa mfano vya pikseli 256 kwa 256. Daktari akisogeza picha, seva, yaani kompyuta inayotunza faili, inamtumia vigae vya pale anapotazama tu. Kioo cha kompyuta cha pikseli 1920 kwa 1080 hakihitaji hata vigae 60, na kigae kimoja kwa kawaida ni kilobaiti chache au makumi kadhaa. Bando la simu linaweza. Tumekaa na daktari akitazama slaidi kwa intaneti ya simu yake. Picha ilianza na ukungu, kisha viini vya seli vya zambarau vikajichora kimoja kimoja kwenye rangi ya waridi, na faili lenyewe halikutoka kwenye seva.

Programu zinazofanya kazi hii ni huria: msimbo wake uko wazi na hulipii leseni. OpenSlide, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, inasoma mafaili ya skana nyingi, zikiwemo za Aperio, Hamamatsu, Leica na hizo .mrxs. OpenSeadragon inaonyesha vigae ndani ya kivinjari, hivyo daktari hasakinishi chochote. Hospitali ambayo picha zake za eksirei tayari ziko kwenye mfumo wa DICOM, muundo wa pamoja wa kutunza na kutuma picha za hospitali, inaweza kutumia seva ya Orthanc, iliyoanzishwa na Sébastien Jodogne wa Ubelgiji, ambayo ina nyongeza ya slaidi. Anayetaka kuhesabu seli au kupima eneo kwa ajili ya utafiti tunamwekea QuPath, iliyoanzishwa na Peter Bankhead huko Belfast. Hiyo inakaa kwenye kompyuta yake na hufanya kazi hata intaneti ikikatika.

Lazima tuwe wakweli hapa. QuPath imetengenezwa kwa utafiti, na wenyewe wanasema hivyo. Linki tunayokuwekea ni ya kuombea ushauri, kufundishia na kujadili kesi. Kusaini majibu ya mgonjwa kwa kutegemea kioo cha kompyuta pekee ni uamuzi wa wataalamu wako wa patholojia, baada ya kulinganisha na hadubini kwa utaratibu wao. Sisi hatuwezi kuwaamulia.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mafaili mengi ya skana yanabeba pia picha ya lebo iliyobandikwa kwenye kioo cha slaidi. Mnaficha jina la mgonjwa kwenye jina la faili, kumbe limeandikwa kwa kalamu kwenye lebo, na mtu yeyote akifungua anakuta jina na namba ya jalada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaja taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo tunaondoa lebo kwenye nakala ya kushirikisha kabla haijapanda kwenye seva, linki inawekewa neno la siri, na ina tarehe ya kufa.

Tunachotoza ni kazi yetu: kusimamisha seva, kuwafundisha watu wawili wa maabara, na kuja kila mwezi kukagua diski na nakala za akiba. Umeme ukikatika seva inabebwa na betri mpaka ijizime kwa utaratibu, maana kuzimika ghafla kumeshatuulia diski. Ukituacha kesho, programu zinabaki kwako na mafaili ni yako.

Ukija na slaidi ya kujaribia, andika kwenye karatasi aina ya skana iliyotumika. Na kama jina linaishia na .mrxs, njoo na folda yake.