Rubani akikataa kupanda meli, asilaumiwe

Mhariri,

Juzi nikiwa barazani hapa Mkomani niliwasikia vijana wawili wakimsengenya rubani wa bandari, yule anayepanda meli ngeni ili aiongoze kuingia bandarini. Walisema meli imelala nje ya mlango wa bandari ya Lamu, kati ya Manda na Pate, kwa sababu bwana huyo hakuipenda ngazi aliyoshushiwa. "Anaringa tu," mmoja akasema. Maneno hayo yaliniuma, na ndiyo maana naandika.

Niliwahi kuwa baharia kwenye boti ya kuwapeleka marubani melini, katika bandari nyingine ya pwani hii. Meli haisimami kumngoja rubani, inapunguza mwendo tu. Boti inajibandika ubavuni huku ikipanda na kushuka na mawimbi. Rubani anavizia boti iwe juu ya wimbi, ashike ngazi na kuondoka papo hapo. Akisitasita, boti inarudi juu na kumbana miguu.

Usiku mmoja wa kusi rubani wetu alimulika ngazi kwa tochi. Kipandio cha tatu kilikuwa kimelala upande, na kamba yake imefumuka nyuzi. Akaomba kwenye redio aletewe ngazi nyingine. Wakala wa meli akakasirika, akataja hasara ya kila saa inayopita. Rubani alimsikiliza hadi mwisho, akarudia ombi lake kwa sauti ileile. Tulizunguka pale karibu saa nzima. Ngazi ya pili ilipoteremshwa, aliivuta kwanza kwa uzito wake wote, ndipo akapanda.

Ile haikuwa jeuri. Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lilipitisha azimio A.960 kuhusu kazi ya marubani. Linasema rubani ana haki ya kukataa kuiongoza meli inayohatarisha usalama wa safari au mazingira, na aitoe sababu yake mara moja kwa mamlaka husika. Linataka pia awe amepumzika na akili yake iko macho. Novemba 2007, huko San Francisco, rubani aliyekuwa akitumia dawa za hospitali zinazopunguza wepesi wa akili aliiongoza meli ya Cosco Busan katika ukungu mzito hadi ikagonga nguzo ya daraja. Zaidi ya lita 200,000 za mafuta zikamwagika, naye akafungwa miezi 10. Nahodha alikuwepo chumba cha usukani, na wajibu wa meli haukuwa umemtoka kwa kuwa rubani amepanda. Hakuna kati yao aliyesema, "Leo tusitoke."

Sasa tufikirie hapa kwetu. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, zinaingia meli kubwa katika mkondo uliochimbwa hadi mita 17.5. Kusi ikivuma, mvuvi wa Amu au Kizingitini mwenye dau lisilo na mashine hatoki nje ya miamba. Anavua humu humu ndani, pengine na taa moja ya kandili. Mafuta yakimwagika, mikoko ndiyo itakayoyanywa. Rubani anayesema "hapana" kule mlangoni anamsemea mvuvi huyo, hata kama hawajawahi kuonana.

Nanyi marubani, nina neno kwenu. Anayekataa ili atiwe kitu mkononi, na akishatiwa ngazi mbovu ikageuka nzuri, anawauza wenzake wote. Kukataa kwenu kuwe na sababu iliyoandikwa.

Ombi langu kwa wasimamizi wa bandari ni moja: meli ikizuiwa, sababu ifikishwe siku hiyohiyo kwa viongozi wa wavuvi, kwa Kiswahili, ibandikwe pale wanapotia mashua zao Amu, Mokowe na Kizingitini. Vijana wale wangeisoma wenyewe, na rubani asingeitwa mwenye maringo.

Baharia mstaafu,
Mkomani, Lamu