Matumbawe hayafai kwa samaki wa Amazon

Mhariri,

Ukurasa wenu wa nyumba na mapambo ulitoka na picha nzuri ya tangi kubwa la samaki wa Amerika Kusini, pamoja na maelezo ya namna ya kuliandaa. Picha sina ugomvi nayo. Maelezo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa nimefundisha kemia sekondari hadi nikastaafu, na samaki hao hao ninawafuga sebuleni kwangu hapa Pasiansi, kwenye tangi la lita 540. Atakayefuata maelezo yale neno kwa neno atakuwa ameshazika samaki kabla gazeti lenyewe halijaanza kufungia vitumbua.

Naanza na yale matumbawe mliyoshauri yapangwe nyuma ya tangi. Tumbawe ni kalisiamu kaboneti. Kwenye maji yenye asidi kidogo huyeyuka polepole, maji yakawa magumu, yaani yenye madini mengi, na pH, kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi, ikapanda. Samaki wa Ziwa Tanganyika wasingelalamika. Ziwa lao lina pH inayokaribia 9, na wale wanaovuliwa Kigoma kwa ajili ya matangi ya ughaibuni hawajui maji mengine. Samaki wa Amazon ni kinyume. Tetra kadinali, yule mwenye mstari mwekundu chini na wa buluu juu, huvuliwa kwenye mto Rio Negro nchini Brazili, hasa maeneo ya mji wa Barcelos, ndani ya misitu inayofurika. Maji yale yana rangi ya chai kavu kwa sababu ya majani yanayooza, pH yake ni kati ya 4 na 5, na madini karibu hayamo.

Msomaji anaweza kudhani haya ni madoido ya darasani. Si hivyo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na amonia hiyo ndani ya maji hukaa kwa sura mbili: moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu kali. Kinachoamua ni pH. Kwenye joto la nyuzi 25 na pH 7, ile ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote iliyomo. Ikifika pH 9, inavuka theluthi. Kwa hiyo tangi lile lile, samaki wale wale, chakula kile kile, ila umeongeza mawe ya baharini, na uchafu mdogo uliokuwa ukivumilika unageuka kuwa mauaji.

Sisi wa Mwanza tumejaaliwa mawe, tena ya bure. Graniti ya vilima vyetu haiyeyuki kwa maji ya namna hii, na kokoto kubwa za wagongaji zikisuguliwa kwa brashi zinatosha kabisa. Asiye na uhakika na jiwe alidondoshee siki. Likitoa mapovu libaki uani. Juu ya mawe weka kisiki kikavu kilichochemshwa, kisha majani makavu ya mkungu, haya yanayofagiliwa kila asubuhi na kuchomwa. Wafugaji wa Ulaya hununua majani ya mti huo kwa pakiti! Yanatoa rangi ya Rio Negro na kushusha pH kidogo kidogo, mradi maji yasiwe na chokaa nyingi.

Na hapo tuna bahati kuliko wenzetu. Maji ya bomba ya hapa hutoka ziwani, na Ziwa Victoria, ingawa mwani huweza kupandisha pH yake, lina maji laini yenye madini machache. Ukiondoa klorini kwa kuyaacha siku moja au mbili kwenye pipa la mdomo mpana huku pampu ya hewa ikipuliza, yanafanya kazi vizuri. Mtu wa Dar es Salaam anayetegemea kisima chenye chumvi ana kazi kubwa zaidi. Afikirie maji ya mvua, akiacha manyunyu ya kwanza yaoshe bati, halafu ayachanganye na ya bomba, kwani maji ya mvua matupu nayo yana hatari yake: hayana kitu cha kuizuia pH isiporomoke ghafla. Au awafuge samaki malaika na oska waliozaliwa kwenye mabwawa ya wafugaji, ambao huvumilia maji magumu kiasi, na hao kadinali wa porini awaachie wengine.

Mliandika kwamba samaki wanaweza kuingizwa kesho yake, maji yakishakuwa maangavu. Uangavu hauthibitishi kitu. Ndani ya chujio wanahitajika bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wa kugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hawaji kwa siku moja. Wiki nne hadi sita ni kawaida, kukiwa na chakula chao kidogo humo ndani. Njia ya mkato ipo: omba sponji chafu kutoka kwenye chujio la rafiki yako mwenye tangi la siku nyingi. Wajukuu wangu huona kinyaa nikimpa mgeni zawadi ya sponji chafu ndani ya mfuko, lakini hakuna zawadi bora kwa anayeanza.

Kuhusu ushauri wenu wa kuchanganya oska na neoni, tetra mdogo anayefanana na kadinali, nitasema kwa ufupi: oska hufika sentimita 30, neoni hafiki hata 4. Hiyo ni mboga yake. Na yule pleko mdogo anayeuzwa kama msafisha kioo, wa jamii ya Pterygoplichthys, hukua hadi kuzidi sentimita 40 na kinyesi chake kinashinda kazi yake.

Uzito hamkuugusa kabisa. Tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, ukijumlisha maji, kioo cha milimita 12, mchanga na mawe, linakaribia kilo 700, na zote zinakaa pale pale usiku na mchana. La kwangu liko sakafu ya chini, juu ya msingi wa matofali. Wa ghorofani amwite mhandisi kwanza, si muuza samaki.

Umeme ukikatika, wengi huhangaikia hita. Ni kweli usiku wa Julai hapa una baridi, na diskasi, samaki mwingine wa Amazon, anataka nyuzi 28 hadi 30, lakini maji mengi kiasi hicho hayapoi kwa saa moja. Kinachowahi kudhurika ni chujio, hasa lile la kopo lililofungwa: bakteria hukosa hewa na maji ya ndani huvunda. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi usiliwashe kabla ya kulisuuza kwa maji ya tangi. Mimi nina pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ya volti 12, ya aina ile ile wanayotumia wavuvi wa dagaa kwa taa zao.

Sasa magugu maji. Mhariri, gazeti linalosomwa Kanda ya Ziwa limewezaje kuwashauri watu waweke magugu maji yaelee juu ya tangi kwa ajili ya ua lake la zambarau? Ni kweli mmea huo kwao ni Amazon. Ua hilo hilo ndilo lililofanya usambazwe duniani kama pambo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ukawa umeshaingia Ziwa Victoria, huku mto Kagera ukiendelea kuuleta. Waliokuwapo miaka ya 1990 wanakumbuka mialo iliyofunikwa, mitumbwi ikikosa pa kupita, vivuko vikihangaika kufika gatini. Katika hali nzuri magugu hayo huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Ilibidi waletwe fukusi wa jenasi ya Neochetina, wenye asili ya Amerika Kusini huko huko, wafugwe na kuachiwa wayatafune, na hata leo magugu hayajaisha.

Anayetaka mmea wa Amazon anunue ule wa majani mapana unaopandwa mchangani, na akiupogoa majani yakaukie juani. Maji ninayotoa kwenye tangi kila wiki namwagia mchicha, nao unayapenda kwa ile nitrati. Hayaendi mtaroni, kwa sababu mitaro yetu huishia mto Mirongo, na Mirongo huishia ziwani. Pleko aliyemshinda mtu vilevile asipelekwe huko kwa huruma. Florida na Mexico wanaye porini tayari, na huchimba mashimo kwenye kingo za mito mpaka zinabomoka.

Naomba masahihisho kuhusu magugu maji yatoke kwenye ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule. Ya matumbawe mnaweza kuyasubirisha hadi wiki ijayo.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Pasiansi, Mwanza