Barua kwa Nyamizi: sauti kwanza, picha baadaye

Ujiji, Kigoma
27 Mei 2020

Dada Nyamizi,

Habari za siku nyingi, na za hapo Cheyo? Mama hajambo? Huku Ujiji sote wazima, tunashukuru. Kwa hii korona Idi imepita kimya, mikono hatukupeana, pilau kila mtu na kwake. Mama Zuhura anakusalimu na anaulizia asali yake.

Salamu zitoshe, maana ujumbe wako wa jana usiku una jambo zito. Kwanza hongera, tena hongera sana. Umepewa dakika saba za kusoma kwa Kiswahili mbele ya waandishi wa nchi kadhaa kwenye mkutano wa mtandaoni wa Zoom, halafu unaniuliza kama ujitoe kwa sababu simu yako ni ya kawaida na nyuma yako hakuna kabati la vitabu? Usijitoe, dada. Simu hiyo inatosha. Kabati la vitabu halisomi hadithi. Kinachosoma ni sauti yako, na sauti ndiyo tutakayoihangaikia hapa mpaka Ijumaa tarehe 5 Juni, siku yako ya kusoma. Nimekuandikia kwa baruapepe badala ya WhatsApp ili uichape kwa Mwalimu Kapaya, uibandike ukutani pale utakapokaa.

La haraka kuliko yote: sasisha Zoom leo au kesho. Kuanzia Jumamosi hii, tarehe 30 Mei, Zoom inabadilisha namna ya kuficha mawasiliano, na simu yenye toleo lililo chini ya 5.0 haitaruhusiwa kuingia kwenye mkutano mpaka isasishwe. Fikiria linakukuta siku yenyewe, dakika tano kabla ya zamu yako, mtandao unajikokota na simu imejaa picha za mahafali. Futa picha kwanza upate nafasi, kisha sasisha usiku wa manane ambapo mtandao ni mwepesi. Ukimaliza ingia kwenye mipangilio ya Zoom usome namba ya toleo kwa macho yako.

Pili ni saa. Ratiba inasema 19:00 BST. Hiyo ni saa ya kiangazi ya Uingereza, saa moja mbele ya GMT. Sisi tuko saa tatu mbele ya GMT, kwa hiyo mpaka wabadilishe saa zao Oktoba tunawazidi saa mbili. 19:00 yao ni 21:00 yetu, yaani saa 3 usiku. Watu wengi huona 7 wakasoma saa saba, mwingine akajumlisha mbili akaandika saa tisa, na wote wawili wakafika mkutano umeshakwisha. Tena wapo waandaaji wanaoandika GMT hata wakati wa kiangazi kwa mazoea tu, na hapo ingekuwa saa 4 usiku. Waandikie mstari mmoja: ni 21:00 au 22:00 kwa saa za Dar es Salaam? Halafu yule mwandishi wa New York unayetaka kumsikia, aliyeandikiwa 20:00 Ijumaa kwa saa za kwao, kwetu ni saa 9 usiku, na tarehe imeshageuka kuwa Jumamosi.

Sasa sauti.

Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Kofi likiisha palepale, chumba ni kizuri. Likiacha mkia wa mlio, chumba hicho kitaimeza hadithi. Sakafu ya saruji, kuta tupu na dari isiyo na kitu huirudisha sauti kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo, na msikilizaji wa mbali husikia kama unasomea ndani ya pipa. Dawa yake ni vitu vizito na laini. Kitenge hakisaidii, ni chepesi mno. Simamisha godoro kwenye ukuta ule unaoutazama unaposoma, siyo ulio nyuma yako, kwa sababu sauti inatoka mdomoni, inagonga mbele na kurudi. Tandika blanketi juu ya meza pia. Juni hapo Tabora usiku ni baridi na mvua zimekwisha, kwa hiyo funga madirisha bila wasiwasi, na bati halitakupigia ngoma. Nyenje na mbwa wa jirani watabaki nje. Kama kuna pangaboi, lizime. Zoom hujaribu kufuta mvumo wowote usiobadilika, na ikifuta mvumo huo hula pia mwisho wa maneno yako. Ndiyo maana nakuomba usishushe sauti mwishoni mwa sentensi kama tulivyozoea kusimulia. Ile minong'ono ya mwisho ambayo ukumbini ingewasisimua watu, mtandaoni haifiki kabisa.

Tumia hedifoni zenye maiki, hata zile za bei ndogo za stendi, kuliko spika ya simu. Spika ikiwa wazi, sauti ya mwendeshaji wa mkutano inatoka kwenye simu yako na kuingia tena kwenye maiki yako. Zoom ikiona watu wawili wanasikika kwa pamoja, humbana mmoja, na atakayebanwa anaweza kuwa wewe. Lakini angalia kile kimaiki kinachoning'inia kwenye waya: kikigusa ushungi au mkufu, kila ukipumua wao wanasikia mkwaruzo. Kibane kwa pini juu ya kifua, kama shibiri moja chini ya mdomo na pembeni kidogo, ili pumzi ya p na b isikipige moja kwa moja. Usikishike kwa vidole.

Karatasi nazo zina kelele. Chapa hadithi upande mmoja tu, herufi kubwa, usibane kwa stepla. Zipange mezani kwa safu, na ukimaliza moja isukume pembeni taratibu, usiinyanyue wala kuigeuza.

Umeuliza kuhusu bando, na hapa nina hesabu kamili. Sauti peke yake kwenye Zoom inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde. Chukua 80, zidisha kwa sekunde 3,600, gawa kwa 8: unapata kama MB 36 kwa saa. Video ya kikundi yenye ubora mzuri inahitaji kilobiti 600 na kuendelea, hiyo ni MB 270 kwa saa za kupokea tu, na kutuma ni juu yake. Mkutano wenu una siku tatu, saa nne kila siku. Ukisikiliza tu ni chini ya MB 500 kwa siku zote tatu. Ukitazama kila kitu inapita GB 3. Kuzima kamera yako hakupunguzi picha za wengine zinazoingia. Kwenye simu, telezesha skrini kulia utaona ukurasa mtupu wenye duara kubwa la kugusa ili kuongea. Umewekwa kwa ajili ya watu wanaoendesha gari, lakini ni mzuri kwa kusikiliza bila kutazama. Ujue tu kwamba ukurasa huohuo ni mtego: kidole kikiteleza kwa bahati mbaya wakati wa kusoma, maiki inazimwa na unaendelea kujisomea peke yako. Simu isimame mezani, usiishike mkononi.

Na bando la saa 24 usilinunue Alhamisi saa 3 usiku, maana litakatika Ijumaa saa 3 usiku kamili, unapoitwa jina. Nunua Ijumaa mchana.

Kuna jambo ambalo huharibu usomaji kuliko giza na kuliko mtandao: simu kupigwa. Mjomba akipiga katikati ya hadithi, maiki ya Zoom inakatwa, na hata ukikataa simu hiyo sekunde kadhaa zimeshapotea. Suluhisho ni simu mbili. Ile ya kusomea iweke kwenye hali ya ndege, kisha washa Wi-Fi pekee. Ya pili ndiyo iwe na bando na hotspoti, na ndani yake kuwe na laini ambayo hakuna mtu anayeijua namba yake, maana simu ikipigwa data inaweza kusimama. Kama unayo laini ya zamani droani, ihakikishe kwanza. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari, na kupata mpya lazima uende na namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Simu zote mbili ziwe na chaji kamili kabla ya jioni. Ukisoma huku inachajiwa, vua kava, kwa sababu simu ikipata joto inapunguza kasi na sauti ndiyo inaanza kukatika. Umeme ukizimika wewe endelea tu, simu haina habari.

Mahali pa kukaa upatafute saa 3 usiku, siyo mchana. Vijiti vya mtandao vinaweza kujaa na bado data isitembee kwa sababu mji mzima uko mtandaoni saa hiyo. Jaribu chumba kwa chumba, siku mbili tofauti.

Siku yenyewe ingia dakika 20 kabla. Tangu Aprili Zoom imeweka nywila na chumba cha kusubiri kwa sababu ya wahuni waliokuwa wanavamia mikutano. Mlinda mlango anaona jina tu, na simu nyingi hujitambulisha kwa jina la kiwandani. Akiona Galaxy A10 atakuacha nje. Badili jina liwe lilelile lililo kwenye ratiba. Ukishaingia gusa alama ya hedifoni chini kushoto na ukubali kutumia intaneti kwa sauti. Asiyefanya hivyo anaona midomo inachezacheza na hasikii neno. Omba namba ya WhatsApp ya msaidizi wa mwendeshaji, kwa sababu ukidondoka unarudi chumba cha kusubiri na lazima mtu akufungulie tena. Kwenye vile vikundi vidogo vya warsha, mtandao dhaifu hukudondosha pale unapohamishwa, kwa hiyo mwambie msaidizi mapema.

Washa kamera wakati wa kutambulishwa, salimia, wakuone. Taa iwe mbele yako, si nyuma. Kisha sema, "Nitazima picha ili mnisikie vizuri," uizime, usome. Hakuna atakayelalamika. Wenyewe wamebanwa tangu Machi, London wamefungiwa majumbani, Nairobi wana kafyu ya usiku, wanajua mtandao ulivyo.

Dakika saba ni nyingi na ni chache. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo ukifuata hesabu ya wenzetu wa Kiingereza utapitiliza. Kwa utulivu unaofaa mtandaoni, maneno 600 hadi 650 yanatosha. Pima kwa saa ya simu ukisoma kwa sauti, siyo moyoni, na ikikupa dakika sita iache hapohapo. Usianze kwa Kiingereza. Anza na Kiswahili chako, na tafsiri mpe mwendeshaji aionyeshe kwenye skrini, aya zikiwa na namba zilezile za nakala yako, ili anayefuata ajue umefika wapi. Pia jirekodi ukisoma yote na uwatumie siku mbili kabla. Dakika sita kwa kilobiti 128 ni kama MB 6 tu. Mtandao ukikataa kabisa, watacheza hiyo.

Na ninarudi palepale, Nyamizi, kwenye godoro na kimaiki. Wapo watakaokisikia Kiswahili kinasomwa kwa mara ya kwanza. Wakikusikia ndani ya pipa hawatasema chumba kibaya, watasema lugha hii haifuatiki. Hilo ndilo linaloniuma.

Kama una nafasi kabla ya Jumapili, tazama tamasha la vitabu la Hay la kule Wales. Mwaka huu lote liko mtandaoni bure mpaka tarehe 31. Tafuta pia Afrolit Sans Frontières, tamasha alilolianzisha mwandishi Zukiswa Wanner kutoka Nairobi mwezi Machi mwaka huu. Waandishi wa Afrika wanasoma na kujibu maswali Facebook na Instagram. Funga macho, sikiliza tu, utatambua nani yuko kwenye chumba kitupu.

Sasa nijibu. Chumba cha nyuma kina dari ya gypsum au bati tupu? Hedifoni unazo, au nimwambie Kaka Shaabani akuletee akija na treni? Ile laini ya pili imesajiliwa kwa jina lako? Umechagua hadithi ipi, ya bibi na tumbaku au ile ya stesheni? Mimi naona ya bibi, ina mazungumzo na inasikika vizuri, lakini wewe ndiye mwenye hadithi. Tafsiri anafanya nani? Na kidato cha sita wakirudi shuleni Jumatatu tarehe 1 Juni, una zamu ya bweni usiku wa Ijumaa? Kama unayo, omba kubadilishana leo, siyo wiki ijayo.

Keshokutwa Ijumaa saa 3 usiku nitafungua mkutano, nitakutumia kiungo. Kwa utaratibu wa Zoom wa mwaka huu wa 2020, tukiwa wawili hatukatwi. Akiingia Shaabani tutakuwa watatu, na akaunti ya bure inatukata baada ya dakika 40, kwa hiyo asubiri umalize. Uje na karatasi zako, na godoro liwe limeshasimama.

Nduguyo,
Zaituni